Editha, Mto Ulikuwa Mkavu

…na ndiyo maana nilinyamaza pale jikoni mchana, mwanangu. Si kwamba sikukuelewa. Nilikuelewa mno. Mwiko ukabaki hewani, ugali ukaanza kushika chini ya sufuria, wewe ukanipokonya mwiko ukaendelea kusonga kana kwamba umeniambia tu kwamba chumvi imeisha. Mimi nikatoka nje nikasimama karibu na kamba ya nguo, nikaanza kuanua nguo ambazo bado mbichi. Mpaka sasa nimepigwa butwaa. Nimekaa chumbani, nimefungua dirisha, naandika mapema kabla hamjaniita kula, maana kesho alfajiri basi likianza kupiga honi sitakuwa na la kusema zaidi ya kulia.

Habari za chandarua, namna ya kukaa na mwenye nyumba na mambo ya kula kwa wakati, hayo sikuandikii. Umekaa bweni Tabora, umemaliza chuo, unayajua kunizidi. Acha nikurudishie ulichoniambia, kwa maneno yangu ya kidato cha nne, uone kama nimekipata.

Ofisi ya Morogoro inayokuajiri inakusanya vina vya mito. Kila mto una ubao wa vipimo uliosimikwa majini, na msomaji anakwenda asubuhi, anaangalia maji yamefika alama gani, anaandika sentimeta kwenye simu, namba inaondoka. Hapa kwetu Sitalike, msomaji wa mto Katuma ni Gervasi, mume wangu. (Nikiandika hivyo, mume wangu, naona raha kama msichana. Nisamehe.) Wewe, ulipokuwa hapa wakati wa mvua, wakakupa kazi ya majaribio. Uliandika maelezo mafupi tu: safu hii ni tarehe, hii ni jina la mto, hii ni kina cha maji. Halafu ulikuwa na programu nyingine ambayo kazi yake ni kusoma hayo maelezo na kuandika programu zenyewe: ya kupokea namba kwenye simu, ya kuzihifadhi kwenye faili la wanasayansi, ya kuchora grafu, ya kukagua. Nakumbuka siku ile ulibonyeza, mistari ikashuka kwenye laptop bila mtu kuigusa, nikamwita Gervasi aje aone. Wakati huo alikuwa bado mchumba. Akainama, akatazama, akauliza, "Huyu binti ana karani humo ndani?" Ukacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kukuona unacheka mbele yake, nikaiweka moyoni siku hiyo.

Sasa hapa ndipo ulipoanza kunieleza leo huku unachambua mchicha. Kwamba kompyuta haijui kitu ni nini mpaka uiambie aina yake: hili ni neno, hii ni tarehe, hii ni namba. Na namba nazo zina aina. Kuna inayokubali kwenda chini ya sifuri na kuna isiyokubali kabisa. Kwa kina cha maji ukachagua isiyokubali. Ukasema, "Mama, nilifikiri maji yakiisha yameisha. Yatapungua vipi tena?" Na mimi ningefikiri hivyohivyo, mwanangu. Ulikuwa unaandika huku Katuma umejaa mpaka kwenye majani.

Lakini sifuri ya ubao siyo chini ya mto. Kiangazi kikikolea, maji yanashuka kuipita, yanabaki vidimbwi na viboko wamelaliana kwenye tope kama magunia. Gervasi alifundishwa kuwa yakifika huko, apime kwa rula kutoka sifuri kwenda chini, na aandike hasi. Akaandika hasi. Na ile namba yako haikukataa wala kupiga kelele. Ukanipa mfano wa mafundi wa pikipiki wanaorudisha nyuma mita ya kilometa ili waiuze kama haijatembea: wakizidisha wakapita sifuri, mita haiendi chini, inaruka mpaka mwisho wa juu kabisa, tisa tupu. Ndivyo hasi tatu ya mume wangu ilivyogeuka kuwa sentimeta elfu sitini na tano na ushee, karibu na mwisho wa juu wa namba yako. Mto ambao mbuzi wanauvuka bila kulowa magoti, kwenye faili ulikuwa umesimama zaidi ya mita mia sita.

Mia sita, Editha! Hakuna kilima chochote huku ninachokijua ambacho mto ule ungeshindwa kukifunika.

Wiki iliyopita watu wa ofisi wakampigia Gervasi simu. Ulikuwepo, ulisikia, maana alikuwa ameiweka sauti ya nje.

"Mzee, mbona unatuchezea?"

"Sichezi. Naandika hasi."

"Hakuna hasi hapa. Tumefungua faili, hakuna. Grafu hakuna. Tumeendesha programu ya kukagua, inasema faili liko sawasawa na kilichopokelewa. Programu zote zinakubaliana, mzee. Wewe peke yako ndiye unasema tofauti."

Wakamwambia apumzike kusoma mpaka waamue. Na wewe ukasema, kwa sauti ya upole kabisa, nakumbuka, "Mzee, programu haiwezi kutunga namba yenyewe."

Nataka ujue nilichofanya mimi, maana hukukiona, ulikuwa umekwenda kuoga. Tulibaki wawili mezani. Huyu ni mwanaume ninayefuatana naye mtoni kila asubuhi tangu tumeoana baada ya Pasaka. Tunashikana mikono barabarani watu wanatucheka, wale vijana wa bodaboda wanatuimbia, "Bwana harusi na bibi harusi hao!" naye anawapungia kama mbunge. Akifika darajani ananiambia, "Simama hapa, mke wangu, kiboko hajui kuwa wewe ni mali ya mtu." Anashuka mwenyewe. Namwona anainama kwenye ubao, anaandika, anapanda, anapangusa viatu kwenye nyasi, ananishika tena mkono. Kila siku nasema moyoni, Mungu ulikuwa unanifichia huyu wapi miaka yote hii. Na bado jioni ile nikamuuliza, "Mume wangu, hivi pale chini unaandikaga nini?"

Alikuwa anamega ugali. Tonge likabaki mkononi. Akaniangalia.

"Na wewe?"

Basi. Akala, akanishukuru kwa chakula kama kawaida yake, akaenda kutazama mifuniko ya mizinga yake ya nyuki. Nikabaki pale nashangaa kinywa changu. Mashine nisiyoijua, iliyo mbali huko Morogoro, ilisema neno moja, na mimi nikaiamini kuliko mkono ninaoushika kila siku.

Kilichonishtua leo zaidi hata ya zile mita ni ulichosema mwisho. Kwamba zile programu zilikubaliana kwa sababu zote zimezaliwa na maelezo yale yale. Ya kupokea ilikosea, ya kuhifadhi ikakosea vilevile, ya kuchora vilevile, na ile ya kukagua, ambayo kazi yake ni kukamata makosa, nayo ilikuwa imebeba kosa lilelile kwa hiyo haikuona kitu. Ulisema, "Mama, nilidhani nina mashahidi wanne. Kumbe nilikuwa najisikiliza mwenyewe mara nne."

Hapo ndipo ugali ulipoungua.

Kwa sababu hilo nimelipitia, mwanangu, bila kompyuta yoyote. Hujui ni kwa nini Gervasi alinichumbia halafu msimu mzima wa karanga sikumsalimia. Ulikuwa chuoni. Alikuja na kitenge cha rangi ya zambarau, kizuri, nikakipokea, nikalala nacho kitandani kwa furaha. Wiki hiyohiyo dada yangu Yustina akafika, hata hajakaa: "Wewe, utaolewa na mume wa mtu kwa umri huu? Ana mke Katumba!" Nikasema Yustina anapenda maneno. Jumapili, mwalimu wetu wa kwaya akanivuta pembeni, akaniambia hilohilo. Halafu yule mama anayeniuzia dagaa, hata hatuna mazoea, akaninong'oneza wakati ananipimia: mke, Katumba, nyumba ya bati. Watu watatu, Editha, ambao hawakai pamoja wala hawapendani. Ningefanyaje? Nikamrudishia kitenge chake. Nilikikunja vizuri, nikampa mtu ampelekee, sikutaka hata kumwona uso.

Hakuja kugombana. Alipita tu barabarani na baiskeli, anasema "Habari za asubuhi, mama Editha," nami nageuza uso.

Ukweli niliujua mwenyewe kwa bahati, nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Mama mmoja aliyekuja kutoka Katumba alikuwa anasimulia wenzake kwa sauti, huku unga umemjaa kichwani, jinsi alivyoona baiskeli ya Gervasi imeegeshwa kwa mwanamke fulani na magunia yanashushwa. Nikasogea. Nikamuuliza hayo ameyasema wapi pengine. Akasema kwa fahari: kwa Yustina, kwa mwalimu wa kwaya, kwa muuza dagaa, anawajua wote. Yeye peke yake! Na yule mwanamke, nilipouliza waliomjua pale foleni, kumbe ni mjane wa kaka yake Gervasi. Kila mwaka anakwenda kumsaidia kuning'iniza tumbaku na kumpelekea mahindi. Mama wa foleni alikuwa ameona baiskeli tu. Mengine aliyajazia.

Nilirudi nyumbani sijasaga. Nilijua nimepoteza msimu mzima wa kupendwa, na kwa umri wangu misimu siyo ya kuchezea. Nilimfuata mwenyewe mtoni. Alikuwa anaosha ule ubao kwa brashi, matope hadi kwenye magoti, nikasema, "Kile kitenge bado unacho?" Akasema, "Kipo, lakini panya wamekionja pembeni." Nikasema nakitaka hivyohivyo. Ndicho nilichovaa siku ya ndoa. Lile tundu ulilouliza, ni la panya.

Ona sasa, mwanamke aliyepita huko, na bado nimemuuliza mume wangu anaandikaga nini. Kwa hiyo sina la kukufundisha kwa kidole. Nakuambia tu jinsi dhana mbaya inavyokuja: inakuja imevaa sura ya uhakika. Hujihisi unamwonea mtu. Unajihisi umefanya uchunguzi.

Wewe walau asubuhi ya leo ulikwenda kuangalia. Ulisema unataka picha ya mto kabla hujaondoka, lakini mimi ni mama yako, nilijua umekwenda kumkamata. Gervasi alikuwa anakwenda kama kawaida ingawa hakuna anayempokelea namba. Alisema mto haujasimamishwa. Nikabaki darajani, ukashuka naye. Niliwaona kwa juu: yeye amechuchumaa, rula imesimama chini ya alama ya sifuri, wewe umemwinamia na simu. Halafu ukaacha kupiga picha. Ukasimama muda mrefu. Ulitutangulia nyumbani haraka, ukaenda kufungua laptop yako, ukaandika hasi tatu wewe mwenyewe kwa mkono wako ukaona kilichotoka upande wa pili.

Na mchana ukaniambia mimi. Hukumwambia yeye. Ukasema, "Kesho naanza safari ya kazi ambayo wamenipa kwa sababu ya programu hii hii, mama. Nitaanza kwa kuwaambia ni mbovu?"

Nikanyamaza. Ukweli wa kunyamaza kwangu nitauandika sasa, hata kama ni wa aibu. Nilitaka unyamaze na wewe. Nilifikiri: Gervasi ni mtu mzima, atavumilia, na binti yangu amesoma kwa taabu. Dakika hiyo nilimtoa kafara mume wangu bila hata yeye kujua. Niliposhika kalamu hii sikujua nitakuambia sema au usiseme. Nilitaka tu nikuandikie mpaka nijue

Ngoja.

Nimeacha kuandika kwa muda. Umetoka nje, nakusikia. Gervasi yuko chini ya dirisha langu anaziba pancha ya baiskeli, hamjui kuwa niko hapa. Nayaandika kama nilivyoyasikia, ili siku ukisahau ulivyokuwa leo, usome.

Ulisema, "Mzee, naomba nikae."

"Kaa. Ila kiti hicho ni cha mama yako. Ukikivunja, mimi ndiye nitalala nje."

Hukucheka. Ukasema, "Mzee, ile hasi ulikuwa unaiandika kweli."

"Najua. Nilikuwepo."

"Ni mimi niliyekosea."

Nikasikia pampu imesimama. "Wewe, au mashine?"

"Mimi. Mashine ilifanya nilichoiambia. Niliiambia maji hayawezi kwenda chini ya sifuri."

"Sasa mto wangu ulifika wapi humo kwenye mashine yako?"

"Mita mia sita na zaidi."

"Kwenda juu?"

"Kwenda juu."

"Na viboko wote wako huko?"

Hapo ukacheka na kulia kwa wakati mmoja, nilikusikia, na mimi nimeziba mdomo kwa upande wa khanga. Yeye hakucheka. Akasema jambo ambalo limenimaliza kabisa.

"Sikiliza, mhandisi. Usiwaambie sasa. Nenda ukaanze kazi, wakuzoee, waone akili yako. Ukishakuwa mwenyeji, ndiyo useme polepole. Mimi nimeshasimamishwa, sisimamishwi mara mbili."

Editha. Nimeketi kitandani. Kile nilichokuwa nakiwaza kwa siri na kwa aibu, yeye amekitoa mwenyewe kama zawadi, kwa mtoto ambaye hakumzaa na ambaye wiki nzima amemwona mwongo. Nilitaka kutoka mbio nimkumbatie. Na nilitaka pia, Mungu anajua, umkubalie.

Ukasema, "Siwezi, mzee. Maelezo yale hayakutumika Katuma tu. Yametumika kwenye mito yote. Kuna mama mmoja anasoma mto upande wa Kabungu, naye kaandika hasi, naye kasimamishwa. Nilimwona kwenye orodha. Sijui wengine ni wangapi."

"Yule mama mwenye miwani?"

"Simjui."

"Tulifundishwa naye. Huyo hata kivuli chake hawezi kukidanganya." Akavuta pumzi. "Basi andika. Andika sasa hivi kabla mtandao haujaondoka."

Ukaandika pale pale, umekaa kwenye kiti changu. Ukamsomea. Hukuzungusha: kwamba kosa liko kwenye aina ya namba uliyoichagua, kwamba programu zote zimelirithi, kwamba kukubaliana kwake si ushahidi, kwamba wasomaji walikuwa wanasema kweli, na kwamba warudishwe kazini hata kabla hujarekebisha. Akakuambia uongeze jina la yule mama wa Kabungu lije kabla ya lake. Ukaongeza. Kisha ukatuma, na nikasikia pampu ikianza tena.

Sasa hivi umeingia kunionyesha simu. Jibu limekuja mapema hivyo. Maneno mawili: "Tutaongea ukifika." Ukaniuliza, "Mama, hii ni nzuri au mbaya?" Nikasema sijui, na sijui kweli. Nimeyasoma mara nyingi kuliko barua zote za uchumba wangu, na sioni ndani yake kicheko wala hasira. Umeona nimefunika karatasi hii kwa kiganja, hukuuliza.

Basi nimalizie, maana mnaniita, nasikia Gervasi anasema chakula kinapoa na mke wake amepotea ndani ya nyumba ya vyumba viwili.

Sikuelewi kwa mambo mengi ya kompyuta, na pengine nimeyachanganya hapo juu. Lakini nimekuona leo ukishuka mtoni na kutazama rula kwa macho yako, na nimekusikia ukikataa njia rahisi uliyofunguliwa na yule uliyemkosea. Mimi mama yako nilikuwa naiomba njia ile kimya kimya. Nimeduwaa kwamba umetoka kwangu. Hata ukizeeka ukawa na vyeo, ukikuta watu wote wanasema sauti moja, chukua muda ujue sauti hiyo ilianzia kwa nani. Na mtu mmoja akisema tofauti, nenda alipo, uchuchumae naye. Sijui zaidi ya hapo.

Hujamwita baba, na hajakudai. Mwite utakavyo. Leo alivyokuita mhandisi, na ulivyoitika, kwangu imetosha.

Kesho nitakusindikiza kwenye basi nikiwa nimevaa vizuri na sitalia mbele za watu, au nitalia kidogo. Nenda ukaongee nao. Simama wima, sema kama ulivyosema pale chini ya dirisha langu. Na mwezi huu hautaisha kabla hujatuona mlangoni kwako, mimi na yeye, tumekuja wote wawili. Tukikukuta bado una kazi, tutalala, tutaona unapoishi, tutarudi zetu. Tukikuta wamekuondoa, yeye atabeba begi na mimi nitakushika mkono, tutapanda basi la kurudi.